Koti la Msimamizi

Aprili 3

Levina, mke wangu, amesema maneno yangu yamekuwa mengi kuliko dungu letu la kuamia ndege, na dungu lenyewe lina nguzo nne tu. Kwamba nikiendelea kumsimulia habari za Tunduma usiku kucha, atateremka ngazi akalale na vyura. Basi nimechukua daftari la hesabu la mwanangu, lililobaki nusu, naliambia lenyewe. Halina pa kwenda.

Kuandika najua. Niliacha shule darasa la sita, si kwa ujinga. Siku ya mtihani lori la mchele lilikuwa linaondoka na tandiboi wake anaumwa tumbo. Tangu hapo nimelala Tunduma, nimekula Lusaka, nimekimbizwa na polisi Lubumbashi kwa kosa la mtu mwingine, nimekata miwa kwenye mashamba ya sukari pamoja na watu wa kila kabila na kila dini. Watu wa hapa wanaijua Ifakara. Mimi Stanislaus naijua dunia, halafu ndipo nikarudi Ifakara.

Tumehama nyumbani Lipangalala wiki hii, kama kila mwaka, tumevuka mto Lumemo kuja kulala mashambani. Mpunga unatoa masuke, na masuke bila mtu ni karamu ya ndege. Kulia kwangu yuko Odilia, Mndamba halisi, ana mitumbwi miwili na ulimi mmoja unaotosha watu watatu. Kushoto yuko Mbuke, Msukuma, mjane, mcheshi. Kaka yake Mbuke anaitwa Nkwabi, anafuga ng'ombe ng'ambo ya tuta linalozunguka mashamba. Odilia na Nkwabi hawasalimiani tangu ng'ombe walipoikanyaga migono yake ya kutegea samaki. Mimi nimo katikati, kama mpaka wa Tunduma.

Aprili 4

Ndege wachache. Tumekula perege wa jana.

Aprili 7

Leo amekuja meneja wa mradi, Bwana Jeremia, kwa pikipiki, matope mpaka kwenye meno ya dereva. Kijana wa adabu. Aliniamkia shikamoo ingawa yeye ndiye mwenye mshahara. Mradi wake ndio uliokipa kikundi chetu mbegu na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, toka huku juu kwetu mpaka majaruba ya mpunga ya bonde la chini.

Anasema tatizo letu ni kila mtu kuamia ndege kwa saa yake. Odilia akigonga debe alfajiri, kwelea wanaruka kwake wanatua kwangu. Nami nikivurumisha kombeo, wanahamia kwa Mbuke.

"Hamfukuzi ndege," akasema. "Mnapeana ndege."

Nikacheka, maana ni kweli. Mwaka jana mimi na Odilia tulipeana ndege mpaka tukanuniana Pasaka nzima.

Dawa yake ni filimbi moja. Ikilia, wote wanaanza pamoja, madebe, makombeo na makelele, ndege wakose pa kutua waondoke bondeni. Atakayeanza kabla ya filimbi atachimba mfereji wa kikundi peke yake. Akauliza nani awe msimamizi. Watu wote wakanigeukia, kwa sababu sauti yangu hufika Mlimba bila simu. Nikakabidhiwa filimbi, na koti la kung'aa, lile la rangi ya machungwa lenye mistari.

Aprili 8

Koti ni pana mabegani. Levina anasema nafanana na kibao cha barabarani. Wivu.

Aprili 12

Filimbi inafanya kazi, nani atabisha. Alfajiri ya leo kwelea walikuja kama moshi wa tanuri la matofali. Nikapuliza, bonde zima likalipuka kwa mara moja, ndege wakazunguka, wakazunguka, wakaona hapa hapana heshima, wakaenda zao. Nilisimama juu ya dungu kifua mbele nikawaambia, "Kwenye shamba hili jua linachomoza nikipuliza."

Mbuke alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi kesho upulize mapema, baba, nianike nguo."

Aprili 15

Mvua. Dungu linavuja upande wa Levina. Tumebadilishana upande. Sasa linavuja pande zote.

Aprili 17

Odilia ameanza kugonga debe kabla ya filimbi. Anasema aliwaona ndege. Nikamwambia kuona si tatizo, tatizo ni kugonga. Amechimba mfereji peke yake kuanzia asubuhi mpaka jua la utosini, mwanamke aliyenipita umri. Sikupenda. Lakini sheria ni sheria, hata Lubumbashi.

Hakusema neno. Kwa Odilia hiyo ni dalili ya homa.

Aprili 19

Bwana Jeremia amepita, ameona kila mtu mahali pake. Amesema, "Mzee Stanislaus, wewe ni kiongozi wa mfano." Nimeliandika hapa lisipotee.

Aprili 21

Siku hizi watu wananiamkia vizuri mno. Nikifika kwenye kundi, hadithi inaishia njiani, mtu anaanza kuangalia mawingu. Odilia alikuwa ananiletea togwa kila jioni ya pili. Togwa imekata. Nimemwuliza Levina kama watu wana neno na mimi. Akasema, "Watakuwaje na neno na kibao cha barabarani?"

Aprili 24

Leo sina hadithi ya Tunduma.

Jana Bwana Jeremia aliita wasimamizi wote mjini kwa kikao. Kikao kiliisha mchana. Ningeweza kurudi. Nikapitia sokoni kwa fundi cherehani apunguze koti mabegani, na fundi akasema njoo asubuhi. Nikalala Lipangalala kitandani kwangu kama waziri. Asubuhi nikachukua koti, likanikaa kweli, nikapanda bodaboda. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye kivuko cha mwisho, njia imekuwa mto, pikipiki ikazama mpaka kwenye tangi.

Nikawaona kutoka pale. Kwelea. Si moshi safari hii, ni kama mtu amekung'uta blanketi jeusi juu ya bonde. Likashuka taratibu upande wa Mbuke. Nilivuta filimbi shingoni nikapuliza. Nikapuliza tena. Nilipuliza mpaka dereva wa bodaboda akaniambia, "Mzee, huko hawakusikii, unaniumiza mimi tu."

Nikaacha pikipiki nikakimbia majini. Nilipofika, blanketi lilikuwa limekwisha kuinuka. Mpunga wa Mbuke, majaruba yake yote mawili ya juu, umesimama vizuri kabisa, masuke yanatazama mbinguni. Suke lililojaa huinama. Haya yalikuwa hayana kitu cha kuyainamisha.

Na watu walikuwa juu ya madungu yao. Wote. Madebe mikononi. Hilo ndilo lililonitoa akili.

"Mlikuwa mnangoja nini?" nikafoka. "Hamna macho? Hamna mikono?"

Odilia akajibu bila kupandisha sauti, "Filimbi."

"Mnaona ndege wanakula mnangoja filimbi?"

"Mimi nimeshachimba mfereji mara moja," akasema. "Mgongo wangu haujasahau."

Nikamgeukia Mbuke. Nilitaka aseme lolote, atukane hata kwa Kisukuma. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya dungu lake anatafuta punje kwenye suke, haipati.

"Ulisema jua linachomoza ukipuliza," akaniambia. "Leo hukupuliza. Tukajua bado ni usiku."

Mimi, mwenye majibu ya mipaka mitatu, nilisimama pale na koti langu jipya mabegani, limenikaa sawasawa.

Aprili 25

Sikulala. Nimekuwa nikiwalaumu usiku kucha, halafu kabla ya alfajiri lawama zikaniishia, maana zilikuwa hazina pa kukaa. Hawa ni watu waliozaliwa wanaamia ndege. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili angewaona kwelea angepiga kelele. Ni mimi niliyewafundisha kutoona. Kwa filimbi moja na kelele za kifua, nimewatoa macho watu wazima katika wiki mbili.

Asubuhi nimekwenda kwa Mbuke nikamwambia avune jaruba langu la juu, lile la mpunga wa Supa, liwe lake kabisa.

"Unanihurumia?"

"Nakulipa ndege."

"Na Levina?"

Levina alikuwa nyuma yangu. Sikujua. Akasema, "Levina ataongea na mume wake baadaye."

Aliongea. Sitaandika. Ila mwisho alisema, "Ungempa la chini linalojaa maji, ningekuacha."

Aprili 26

Nimefanya jambo. Lile sanamu la kutishia ndege kule pembeni, la miti na gunia, lilikuwa uchi. Nimelivalisha koti. Nimelitundikia filimbi shingoni. Limependeza kuliko mimi, na linafaa kazi ile, kwa kuwa hakuna anayetegemea liseme lolote la maana.

Kisha nikapita dungu kwa dungu. Nikawaambia hivi: ukiona ndege, gonga. Ukisikia mwenzako amegonga, gonga, hata kama kwako hayupo hata mmoja. Hakuna mfereji wa adhabu. Wazo la Bwana Jeremia la kuanza pamoja ni zuri na tutalishika, lakini mwenye kuona wa kwanza ndiye filimbi, awe nani awe nani.

Odilia akauliza, "Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nagonga debe. Unataka nifanye nini, nicheze?"

Jioni kuna kibuyu cha togwa kwenye ngazi yangu. Hakina jina. Najua ulimi uliokionja.

Aprili 29

Bwana Jeremia amekuja akashika mkono wa koti la sanamu.

"Mzee Stanislaus, hii ni mali ya mradi."

"Iko kazini."

"Nitafanyaje kazi na mtu anayedharau utaratibu? Mimi nikiulizwa nani anasimamia huku, niseme nani?"

"Sema ndege wakija wanafukuzwa."

"Sikuulizi ndege. Nakuuliza nani."

Akanivua usimamizi papo hapo, kwa adabu. Hata shikamoo ya kuaga alitoa. Nikamwambia marahaba, mwanangu, na kwamba amechelewa, nilikwisha kujivua.

Simchukii. Ana mabonde mengine ya kuangalia, na kule mjini kuna mtu anayemwuliza yeye maswali hayohayo. Lakini simwogopi pia. Kwenye kukata miwa niliwaona wanyapara wa kila aina. Wapo waliojua kila mtu yuko wapi. Alikuwepo mmoja tu ambaye sisi ndio tulijua yeye yuko wapi: moto ukishika miwa vibaya, ungemkuta upande wa moto. Hakuwa na koti.

Mei 6

Ndege walijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliyegonga kwanza ni Mbuke, ambaye huku juu hana suke la kulinda ila lile jaruba nililompa.

Mei 10

Kambale. Levina ameanza kunisemesha kama mume.

Mei 18

Kuvuna kumeanza. Mundu wangu bado mkali, mdomo pia. Tunakata, tunafunga miganda, tunapanga juu ya mabua. Bonde la chini limechelewa kuiva kwa sababu ya maji, kesho tunashuka kulikata; kila familia ya kikundi ina kipande chake kule. Ndicho chakula cha mwaka. Kwa Mbuke, baada ya wale ndege, ndicho karibu kila kitu.

Mei 21

Mvua isiyo na haya. Pawatila ilishuka kubeba miganda tuliyokwisha kukata bonde la chini, imezama ikiwa tupu. Bwana Jeremia anasema trekta la mjini litakuja Jumatatu, tusubiri. Leo Alhamisi.

Mei 22

Mchana William, mtoto wa shangazi yangu, kapiga simu kutoka Mlimba. Hana kawaida ya kupiga, huwa anabipu. "Kaka, huku mvua haijakata tangu juzi. Mto umepanda kwenye bustani ya mama. Hayo maji yanakuja kwenu."

Miganda yote iko kule chini. Kubeba kichwani kwenye tope lile la magoti, tungemaliza Krismasi. Magurudumu hayapiti. Kinachopita tope lile ni kwato, na mwenye kwato ni Nkwabi. Na utaratibu wa mradi unasema ng'ombe hawavuki tuta mpaka punje ya mwisho itoke. Utaratibu wenyewe una sababu, mwaka juzi walikula mpunga wa watu.

Nimevuka tuta.

"Mwangaluka," nikamwambia Nkwabi.

"Kisukuma chako kinanuka samaki. Unataka nini?"

"Maksai wako. Leo."

Akacheka kwa pua. "Meneja wenu alisema mguu wa ng'ombe wangu ukigusa tuta nitalala polisi. Wewe nani sasa? Una koti?"

"Sina koti. Nimefukuzwa."

"Basi unaomba kwa cheo gani?"

Kabla sijatunga uongo mzuri, Mbuke akatokea, alikuwa amenifuata. "Nkwabi," akasema, "huyu ndiye mwenye jaruba ninalovuna."

Nkwabi akanitazama upya, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Watavuta nini? Mkokoteni utazama."

Hapo nikamkumbuka Odilia, nikaona kwa nini Mungu aliniweka katikati yao. Nilimkuta anafunga miganda. Nikamwambia nataka mitumbwi yake, ifungwe kamba nyuma ya maksai, ipakiwe mpunga, iteleze juu ya tope.

"Mtumbwi wangu? Uvutwe na ng'ombe? Wa yule?"

"Wa yule."

"Ile migono yangu aliilipa?"

"Hakuilipa. Mkagombane vizuri mpunga ukishatoka, nitawashikia viti. Wa kwanza kutoka utakuwa wa Mbuke, halafu wako, halafu wa wengine. Wangu utoke mwisho."

Alinitazama. "Levina anajua kama wako ni wa mwisho?"

Levina akajibu kutoka kwenye mabua, hata hakuinua mgongo, "Kamba ziko chini ya dungu. Acheni maneno."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona vitu. Mitumbwi ya Kindamba inakwenda nchi kavu, imejaa mpunga, mbele maksai wa Kisukuma matope mpaka tumboni. Odilia anaishika nyuma kwa upondo isipinduke, Nkwabi mbele na fimbo. Mwanzo walikuwa wanatukanana kupitia kwangu, "mwambie huyo apunguze mwendo," "mwambie huyo ashike sawa." Kufikia safari ya nne hawakunihitaji tena, walitukanana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilianza kwa kupiga kelele, huku, kule, wewe shika. Nikaona kila ninayemwambia ameshashika. Nikanyamaza, nikaenda kusukuma.

Ndipo Bwana Jeremia akatokea juu ya tuta. Kule ng'ombe walikopitia, tuta lilikuwa limebomoka kama mkate.

"Nani ameruhusu ng'ombe?"

"Mimi," nikasema.

"Huna cheo chochote hapa."

"Ndiyo maana sikuhitaji kukuuliza."

"Nitaandika nini mimi? Mnajua mnaniweka wapi?"

"Geuka nyuma yako kwanza, halafu uandike."

Akageuka. Maji ya mto yalikuwa yameshaingia kwenye matete, yanakuja bila haraka, kama mwenye nyumba. Kisha akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka juu ya miganda ndani ya mtumbwi, akaja upande wangu kusukuma. Viatu vilivuka kabla yake.

Mei 23

Maji yamefunika bonde la chini lote. Mpunga wa kikundi umetoka. Wangu ulitoka mtumbwi mmoja, uliobaki umekwenda baharini kutalii. Levina alitazama maji, akanitazama. "Tutakula sifa?" akauliza. Nikasema zina protini. Hakucheka. Baadaye alicheka, nilimsikia.

Mei 28

Kikao cha kikundi na mradi. Mkubwa wa Bwana Jeremia amekuja kutoka mkoani, anataka niombe radhi hadharani kwa kuvunja utaratibu na kubomoa tuta. Nikasimama. Nikasema tuta ni kweli limebomoka, nitalijenga kwa jembe langu, nianze hata leo. Radhi sina. Nikitafuta mifukoni mwote, sina. Maji yakija tena kabla ya trekta, nitabomoa tena, na nitavaa shati jipya siku hiyo.

Mkubwa akamtazama Jeremia. Jeremia akatazama viatu vyake, bado vina tope kwenye mshono. "Na mimi nilisukuma," akasema.

Juni 1

Nimeenda kujenga tuta. Nkwabi alikuwa ameshafika, analaumu udongo.

Juni 6

Leo nimetandika turubai nipige mpunga wangu kidogo. Nilikuwa nimepanga nimalize kabla ya uji kupoa. Akaja Mbuke na mganda kichwani. Nyuma yake Odilia na miwili. Kisha wengine, toka bonde zima, kila mtu na mganda wake, wanautupa kwenye turubai langu bila salamu ndefu.

"Nani amewaita?" nikauliza.

"Hatukuja kwa ajili yako," akasema Odilia. "Tumekuja kwa ajili ya Levina. Wewe shika fimbo upige mpunga, usituhutubie."

Nimepiga. Sikuhutubia sana.

Juni 9

Tunarudi Lipangalala kesho. Bwana Jeremia amekuja kuaga, kapewa wali wa Supa mpya na kambale, kala vizuri. Akasema amezungumza na wakubwa zake, na msimu ujao wanataka nirudi kuwa msimamizi. Koti jipya, kipimo changu.

Nikamwonyesha kule pembeni. Sanamu limesimama, koti limepauka kwa jua, filimbi shingoni, yangeyange katua begani anajisafisha.

"Cheo kina mtu," nikamwambia. "Hajachelewa hata siku moja, hajaenda kwa fundi, hajamchimbisha mtu mfereji. Huyo ndiye wa kusimamia. Mimi ndege wakija nitagonga debe, maji yakija nitakuwa kule kwenye maji, na ukinitaka mjini, uliza nyumba yenye kelele."